Pipa la Waswidi katika Anga la Katanga

Vijana wetu siku hizi, mwenzao akipata safari ya ng'ambo, husema kwamba "amepanda pipa". Wazee hukunja uso wakiusikia msemo huo, na sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliowakanya. Kumbe vijana wametanguliwa. Mnamo Septemba 1, 1948, nchi ya Uswidi iliirusha kwa mara ya kwanza ndege yake mpya ya kivita yenye injini ya jeti, na umbo la ndege hiyo lilikuwa fupi, nene, lenye tumbo lililovimba, hata wenyewe wakaiita kwa mzaha Pipa Linaloruka. Kwa lugha yao jina hilo likafupishwa kuwa Tunnan, yaani Pipa, basi. Mzaha ukalishinda jina la kiwandani, ambalo ni Saab J 29.

Kati ya mwaka 1950 na mwaka 1956 zilitengenezwa ndege 661 za aina hiyo. Katika zote hizo, moja tu ndiyo iliyohifadhiwa ikaweza kurejea angani. Imo mikononi mwa chama cha watu wa kujitolea, marubani na mafundi, ambao wamejitwika kazi ya kuzitunza ndege kongwe za jeshi la anga la nchi yao zikiwa hai, si zikiwa sanamu. Majira ya joto yanapoingia huko Ulaya na viwanja vya maonyesho ya ndege vikafurika watu, Pipa hutolewa bandani, hutiwa mafuta, na kurushwa mbele ya umati.

Tumeitazama ndege hiyo katika filamu, wala si mara moja. Ikiwa chini inachekesha. Pua yake ni tundu moja kubwa la kuvutia hewa, kama mdomo wa mtu aliyeshikwa na mshangao, na magurudumu yake ni mafupi hata tumbo linakaribia kugusa lami. Lakini ikishaondoka ardhini, unene wote ule hupotea. Huja kwanza kimya, ikiwa nukta juu ya misitu; kisha husikika mruzi mwembamba kama wa birika linalochemka; mara ngurumo, na imekwisha pita, mabawa yake yamelala nyuma kama ya mwewe anayeteremka. Watoto huziba masikio. Wazee wa Kiswidi huvua kofia, na wengine hufuta macho, maana wako waliotumikia jeshini enzi hizo na wakawazika wenzao.

Msomaji wetu ana haki ya kuuliza: gazeti la visiwani lina kazi gani na pipa la Waswidi? Je, tumemaliza habari za karafuu, za mwani, za madawati ya skuli? La, hatujazimaliza. Ila ndege hiyo, pamoja na kwamba ilibuniwa kuilinda nchi ya baridi iliyo mbali nasi, haikupigana vita huko kwao hata siku moja. Vita vyake ilivipigana Afrika, katika anga la Katanga, juu ya vichwa vya watu wanaosema Kiswahili. Kwa hiyo kumbukumbu inayorushwa huko kila majira ya joto, nusu yake ni yetu. Na nusu hiyo ndiyo ambayo aghalabu haitajwi.

Kwanza, tuiseme ndege yenyewe, kwani anayehukumu bila ya kukijua kitu hujidhulumu mwenyewe.

Unene wa Pipa haukutokana na ujinga wa mafundi. Injini za jeti za mwanzo zilikuwa za namna mbili. Kuna namna ambayo hewa huingizwa mbele ikasukumwa moja kwa moja kuelekea nyuma, ikishindiliwa na safu baada ya safu ya mapanga madogo. Injini ya namna hiyo huwa ndefu na nyembamba. Namna ya pili, hewa hudakwa na gurudumu kubwa linalozunguka kwa kasi na kuirusha pembeni, kama gurudumu la gari linavyorusha tope, ikabanwa huko ukingoni kabla ya kuingia motoni. Injini hii ni madhubuti na rahisi zaidi kutengenezwa, lakini ni pana. Waswidi walichagua hiyo ya pili, injini ya Ghost iliyobuniwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza, wakaitengeneza kwao kwa kibali. Injini ikiwa pana, ndege nayo haina budi kuwa pana. Ndipo likapatikana pipa: urefu mita 10 na ushei, mabawa mita 11 kutoka ncha hadi ncha, na rubani mmoja amekaa juu yake kama mpanda ngamia.

Mabawa nayo yana kisa chake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watafiti wa Ujerumani waligundua kwamba bawa lililolazwa nyuma huchelewesha ule msukosuko unaoikamata ndege inapoikaribia kasi ya sauti. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mhandisi mmoja wa Saab alizipata nyaraka za uchunguzi huo akiwa Uswisi, akarudi nazo kwao. Michoro ya ndege mpya ikabadilishwa, mabawa yakalazwa nyuma kwa pembe ya nyuzi 25. Wamarekani na Warusi walikwisha rusha ndege zao za mabawa ya namna hiyo mwaka 1947, Sabre na MiG-15; lakini katika Ulaya ya Magharibi, Pipa ndiyo ndege ya kivita ya kwanza ya mabawa hayo kutengenezwa kwa wingi baada ya vita. Mei 1954 ndege hiyo iliweka rekodi ya dunia ya mzunguko wa kilomita 500, kwa mwendo wa kilomita 977 kwa saa. Pipa! Waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Nasi tunakiri kwamba jambo hili linatugusa. Nchi hiyo wakati huo ilikuwa na watu takriban milioni 7. Haikuwa katika kambi ya Mashariki wala ya Magharibi. Na itakumbukwa kwamba hata huo mkataba wa NATO haikuingia hadi Machi 2024. Injini ilikuwa ya Mwingereza, elimu ya bawa ilikuwa ya Mjerumani, lakini uamuzi, kiwanda, fundi na ndege vilikuwa vyao. Wale wanaodhani kujitegemea maana yake ni kufunga mlango na kukataa cha mwenzio wangefaa wakitazame kisa hiki.

Lakini kisa hicho kina makaburi ndani yake, na yasifichwe. Haikutengenezwa hata moja yenye kiti cha pili kwa ajili ya mwalimu. Kijana alijifunza katika ndege ya mabawa yaliyonyooka, akasomeshwa kwa maneno juu ya mabawa yaliyolala, kisha akapanda Pipa peke yake. Wengi walipoteza maisha katika mazoezi ya miaka ile ya mwanzo, bila ya adui kufyatua risasi hata moja. Na mpaka leo rubani anayepewa dhamana ya kuirusha ndege ile katika maonyesho, safari yake ya kwanza ndani yake huwa ni ya peke yake.

Sasa, kukihifadhi chombo cha namna hiyo kikiwa hai ni kazi gani? Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana. Jahazi likipandishwa pwani likaachwa juani, halikai salama kwa sababu limepumzika. Mbao hukauka, kalfati hutoka, na siku ya kulishusha majini utakuta linavuja kila upande. Ndege nayo ni vivyo hivyo. Mipira inayozuia mafuta yasivuje hukauka na kupasuka. Ngozi za nyaya za umeme humeguka kama makapi. Bati la aluminiamu, hata likionekana linang'aa, lina umri wake: kila safari, kila kona kali, kila mtuo mzito huzidisha ufa usioonekana kwa macho, na fundi hana budi kuutafuta kwa rangi maalumu zinazopenya ndani ya ufa na kwa mashine za kupiga picha chuma. Injini hufunguliwa, panga baada ya panga likapimwa. Kiti cha kumrushia rubani nje wakati wa hatari kina baruti ndani yake, na baruti ina tarehe ya kufa. Vipuri haviuzwi tena popote. Hutafutwa katika maghala ya zamani au huchongwa upya mmoja mmoja kutoka katika michoro. Zaidi ya yote hayo ni elimu ya mikono, ile isiyoandikwa kitabuni, ambayo fundi mzee asipomkabidhi kijana hufa naye.

Tunalisema hili kwa uchungu wetu wenyewe. Disemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, fahari ya Mji Mkongwe, iliporomoka huku kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Kuhifadhi kitu kikongwe si jambo la mapambo wala la kungojewa mpaka fedha izidi.

Wapo pia wasemao kwamba ndege kongwe za kivita zisirushwe kabisa, zibaki katika makumbusho. Hoja yao si nyepesi. Agosti 22, 2015, huko Shoreham, kusini mwa Uingereza, ndege ya aina ya Hawker Hunter, nayo ni jeti ya kivita ya miaka ya 1950, ilijaribu kupiga mzunguko mbele ya watazamaji ikakosa kimo cha kuumaliza, ikaangukia barabara kuu na kuua watu 11. Waliokufa hawakuwamo katika uwanja wa maonyesho. Walikuwa barabarani na kando yake. Baada ya msiba huo wakuu wa anga wa Uingereza walizizuia jeti kongwe kufanya sarakasi juu ya nchi kavu. Sisi twaona walifanya insafu. Ndege iliyozeeka ipite, isikike, ionekane. Haina haja ya kuonyesha ujana. Lakini hatukubaliani na wale wanaotaka ifungiwe moja kwa moja, kwani ndege iliyo kimya katika ukumbi haimfundishi mtoto ile hofu ambayo waliokuwa chini yake waliipata. Mtu asikie ule mruzi kwa masikio yake, kisha aambiwe ulisikika wapi.

Ulisikika Katanga.

Wasomaji wetu vijana hawana budi wakumbushwe. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Julai 11 ya mwaka huo huo, hata wiki mbili hazijapita, jimbo la Katanga likajitangazia kujitenga chini ya Moise Tshombe. Katanga haikuwa jimbo kama majimbo mengine. Humo ndimo mlimokuwa na shaba, kobalti, na urani iliyochimbwa Shinkolobwe ikapelekwa Marekani na kutumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima. Kampuni ya Union Minière ilishika migodi, na mabeberu wa Ubelgiji hawakuwa tayari kuiachia. Kwa jina la uhuru wa Katanga ikalindwa hazina ya watu wengine, ikiwa na maofisa wa Kibelgiji na mamluki wa kila rangi ya pasipoti. Januari 17, 1961, Patrice Lumumba, Waziri Mkuu halali wa Kongo, aliuawa katika ardhi hiyo hiyo ya Katanga. Skuli yetu ya Lumumba hapa Unguja na Mtaa wa Lumumba kule Dar es Salaam, ambako Chama chetu kina ofisi, havikupewa jina hilo kwa kupendezewa na sauti yake.

Umoja wa Mataifa ulikuwa na majeshi Kongo, lakini ulikuwa hauna ndege za kivita. Katanga ilikuwa nazo: ndege chache za mafunzo za Kifaransa ziitwazo Fouga Magister, zilizofungwa silaha na kurushwa na mamluki. Ilipofika Septemba 1961, mapigano yalipozuka Elisabethville, iliyokuwa ikiruka ilikuwa moja tu. Moja! Lakini hiyo moja ilitosha kulitawala anga zima. Iliwashambulia askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, mpaka wakasalimu amri Septemba 17 baada ya kuishiwa maji na risasi. Ethiopia ilikubali kutoa jeti zake. Uingereza, iliyokuwa bado ikiitawala Uganda, ikachelewesha ruhusa ya kupita.

Jioni ya Septemba 17, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliondoka Leopoldville kwenda Ndola kuonana na Tshombe. Hammarskjöld alikuwa Mswidi. Ndege yake, DC-6 yenye jina la Albertina, iliruka usiku na kuzunguka njia ndefu kwa kuiogopa ile Fouga, bila ya ndege hata moja ya kuisindikiza. Ilianguka msituni karibu na Ndola usiku wa kuamkia Septemba 18. Waliokuwamo watu 16, wote walifariki, mmoja wao baada ya siku kadhaa hospitalini.

Na hapa msomaji wa Tanzania ana sababu ya ziada ya kutega sikio. Umoja wa Mataifa ulipoufufua uchunguzi wa ajali hiyo mwaka 2015, aliyepewa kuuongoza ni Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania tangu mwaka 2010 hadi mwaka 2017. Katika ripoti yake ya mwaka 2017 alieleza kwamba inaelekea kuwa yamkini shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa sababu ya kuanguka kwa ndege ile, na amekuwa akizitaka nchi zenye nyaraka za siri za wakati ule zizifungue. Mtu wetu ndiye aliyekuwa akizigonga hodi kabati za wakubwa. Zipo zilizofunguliwa nusu, na zipo ambazo hazikufunguliwa.

Baada ya kifo hicho ndipo Waswidi walipoleta mapipa. Mwanzoni mwa Oktoba 1961, ndege tano za J 29 zilitua Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, zimeandikwa ubavuni herufi za Umoja wa Mataifa. Ethiopia ikaleta Sabre zake, India ikaleta ndege za kutupa mabomu za Canberra. Taifa ambalo halikuwa limeingia katika vita rasmi tangu mwaka 1814 likajikuta vijana wake wanafyatua mizinga katikati ya Afrika. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kwa ndege ya jeti iliyotengenezwa Uswidi kuingia vitani.

Disemba 5, 1961, mapigano yalianza upya. Mapipa na Canberra zilikishambulia kiwanja cha Kolwezi na kuziharibu ndege za Katanga zikiwa ardhini. Tuitazame vizuri kalenda ya siku hizo. Usiku wa kuamkia Disemba 9, bendera ya Mwingereza ilipokuwa ikiteremshwa Dar es Salaam na Tanganyika kuwa huru, mizinga ilikuwa ikiunguruma Elisabethville. Na Katanga si ng'ambo ya bahari, mpaka wake wa mashariki ni lile Ziwa Tanganyika. Uhuru ulikuwa ukizaliwa upande mmoja wa ziwa, na upande wa pili ulikuwa ukinyongwa kitandani.

Mwaka 1962 zililetwa nyingine: nne za kivita na mbili za kupiga picha. Hizi mbili zilifanya kazi isiyosifiwa sana katika viwanja vya maonyesho, nayo ni kuhesabu. Zilipiga picha viwanja vya Katanga, ndege zilizofichwa zikajulikana idadi yake na mahali pake. Disemba 28, 1962, operesheni ya mwisho ilianza. Asubuhi ya pili yake mapipa yaliiendea Kolwezi. Mawingu yalikuwa chini mno, roketi zikashindikana kutumika kwa usalama, basi marubani wakapita chini ya mawingu na kupiga kwa mizinga ya milimita 20. Sehemu kubwa ya jeshi la anga la Tshombe iliungua pale pale chini. Katikati ya Januari 1963 Tshombe alitangaza kwamba kujitenga kumekwisha, na tarehe 21 ya mwezi huo majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia Kolwezi. Hakuna Pipa hata moja lililoangushwa na adui. Lililopotea moja liliharibika katika kujaribu kuruka, wakati afisa wa cheo cha juu alipotaka kulijaribu. Wakubwa nao wana mambo yao.

Hatusemi kwamba vita vile vilikuwa safi. Aliye chini ya ndege hana njia ya kujua kama mruzi anaousikia ni wa anayemtetea au wa anayemwua. Mama wa Kolwezi aliyejifunika na wanawe chini ya kitanda asubuhi ile hakuona herufi za Umoja wa Mataifa ubavuni. Na wako waliosema, nasi hatuwezi kuwapuuza, kwamba nguvu hizo zilikuja kwa kuchelewa. Lumumba alikuwa ameshakufa karibu miaka miwili, na Kongo iliyounganishwa ilikuja kukabidhiwa mikononi mwa Mobutu. Kuiunga nchi ni jambo moja. Kuikabidhi kwa wenyewe ni jambo jingine. Hata hivyo, laiti Katanga ingeachwa ijitenge, ramani ya Afrika ingekuwa imekatwa kwa kisu cha kampuni ya migodi, na kila penye madini pangepatikana Tshombe wake. Kwa hilo, pipa la Waswidi lilikuwa upande wa haki, nasi hatuoni aibu kulisema.

Kinachotusikitisha ni upande wa kumbukumbu. Waswidi wana ndege yao, wana mafundi, wana sauti yenyewe. Watu wa Katanga wana nini? Wanacho kitu, ila hakivumi. Katika miaka ya 1973 na 1974, jimbo hilo likiitwa Shaba, mchoraji wa Lubumbashi aitwaye Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia yote ya nchi yake kwa picha takriban mia moja, na akamweleza picha kwa picha mwanazuoni Johannes Fabian. Alimweleza kwa Kiswahili, Kiswahili cha migodini, ambacho sisi wa visiwani tukikisikia hutabasamu kwanza kisha tukatulia tukasikiliza. Mazungumzo yao yalitoka kitabuni mwaka 1996, lakini kwa Kiingereza. Mchoraji mwenyewe alitoweka katika miaka ya 1980, asijulikane alikoishia. Katika picha zake Lumumba yumo, Tshombe yumo, vita vya Katanga vimo. Maelezo yalitolewa kwa lugha yetu, na katika kitabu hicho mtoto wa skuli ya Pemba hayakuti kwa lugha hiyo. Hili ni jambo ambalo wakuu wa elimu na wa baraza za Kiswahili, walio miongoni mwa wasomaji wa safu hii, wanaweza kulishughulikia bila ya kununua ndege.

Na wazee wapo. Wapo waliokuwa Kigoma na Ujiji walipovuka wakimbizi wa Kikongo kwa mitumbwi. Wapo waliofanya biashara Albertville kabla haijaitwa Kalemie. Wengi wamepita miaka 80. Wapelekewe vinasa sauti wangali nasi.

Kwa upande wa wenye ndege, ombi letu ni dogo. Pipa linapopita mbele ya umati, mtangazaji hutaja injini, hutaja kasi, hutaja rekodi ya mwaka 1954. Ataje pia Luluabourg, Kamina na Kolwezi. Ndege inayorushwa si miongoni mwa zile zilizofika Kongo. Ni toleo la F, la baadaye, lenye injini iliyoongezewa moto, nazo zilizokwenda Kongo zilikuwa B na zile mbili za picha za C. Lakini mruzi ni ule ule. Wala tusidhani kwamba ni habari ya kale. Disemba 7, 2017, katika kambi ya Semuliki, Kivu ya Kaskazini, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa wakiwa na kofia za Umoja wa Mataifa hizo hizo, katika Kongo hiyo hiyo, na madini ni yale yale. Waliokwenda kuwapokea waliporudi katika majeneza wanajua kwamba hesabu iliyofunguliwa mwaka 1960 haijafungwa.

Kuhusu zile ndege 11 zilizopelekwa, nne zilirudishwa Uswidi mwaka 1963. Zilizobaki zilionekana hazina thamani ya gharama ya kuzirejesha, kwani nyumbani zilikwisha anza kupitwa na ndege mpya. Basi zikakusanywa katika kambi ya Kamina na kuharibiwa hapo hapo. Kambi ya Kamina ingali kambi ya jeshi hata leo.